Land Rover 110 au Land Cruiser hardtop: ununue ipi?

Nianze na jibu, sababu zifuate. Ikiwa gari unalotafuta litabeba wagonjwa, watalii au chanjo, na njia zake ziko mbali na gereji, nunua Land Cruiser hardtop yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Ikiwa gari ni lako mwenyewe, la shamba na safari za familia, fundi unayemwamini yuko karibu na fedha uliyonayo haifiki bei ya Toyota, nunua Land Rover 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, na utalifurahia. Hayo ndiyo magari mawili ninayoyalinganisha hapa: yale ya kufungua kwa spana, yanayouzwa mkononi kuanzia Arusha hadi Nanyuki. Mashangingi ya VX na Range Rover sitayagusa.

Mimi ni mpenzi wa Land Rover tangu utotoni na sifichi. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu ananunua 110 kwa kuvutwa na sifa zake, kisha mwaka haujaisha gari limewekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Sifa za Land Rover ni za kweli, na za Land Cruiser pia ni za kweli. Ila zilipatikana kwa njia mbili tofauti. Land Rover ilisifiwa kwa sababu ikiharibika unaitengeneza popote. Land Cruiser ilisifiwa kwa sababu haiharibiki upesi. Ukishika hilo, uchaguzi wako unakuwa mwepesi.

Shamba la Wales, lori la Japani

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni na uhaba wa chuma. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya magari ya Rover, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya Willys iliyobaki jeshini. Jeep ile ilikuwa inachoka, na Uingereza haikuwa na gari la kuchukua nafasi yake. Inasimuliwa kwamba mchoro wa kwanza wa Land Rover aliuchora mchangani, ufukweni Red Wharf Bay, akimwonyesha kaka yake Spencer aliyekuwa akiiongoza kampuni. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya Amsterdam.

Karibu kila kitu kilicholifanya lipendwe kilitokana na dhiki. Chuma kilikuwa cha mgao, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo ilipatikana kwa kuwa kazi ya kuunda ndege za vita ilikuwa imepungua. Mashine za kukandamiza bati zilikuwa ghali, basi paneli zikaachwa bapa na kufungwa kwa bolti. Hata rangi ilikuwa ile ya kijani iliyobaki jeshini. Rover wenyewe walidhani gari hili litawavusha miaka miwili mitatu tu hadi biashara ya magari ya kawaida irudi. Likaendelea kutengenezwa, likibadilika polepole, hadi tarehe 29 Januari 2016, na idadi yake ikapita milioni 2.

Land Cruiser ilianzia pengine. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, magari ya mtindo wa Jeep yalihitajika Japani, na Januari 1951 Toyota ikatoa gari la majaribio lililoitwa BJ. Julai mwaka huohuo dereva wa majaribio Ichiro Taira akalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani wakaagiza magari 289. Mwaka 1954 mkurugenzi wa ufundi wa Toyota, Hanji Umehara, akalipa jina la Land Cruiser. Alieleza baadaye kwamba alitaka jina lisilopungua heshima mbele ya washindani wake, na mshindani aliyemtaja ni Land Rover. Kwa hiyo tangu mwanzo Wajapani walijua wanamfukuza nani.

Sasa tazama injini. Land Rover ya kwanza ilipewa injini ya petroli ya gari dogo la Rover, lita 1.6, nguvu za farasi kama 50. BJ ilipewa injini ya lori: silinda 6, lita 3.4. Tofauti hiyo imedumu. Miaka 40 baadaye Land Rover ilikuwa na dizeli ya lita 2.5 iliyosukumwa na tubo (feni inayoshindilia hewa ndani ya injini), na Land Cruiser ilikuwa na dizeli ya lita 4.2 isiyo na tubo kabisa. Mmoja anapata nguvu kwa akili nyingi, mwingine kwa kifua kipana. Injini ya kifua kipana haijisukumi, inafanya kazi ikiwa imepumzika, na hapo ndipo urefu wa maisha yake unapotoka.

Afrika ilivyohama mkono

Katika Kenya, Uganda na Tanganyika za Waingereza, Land Rover ilikuja na serikali. Ofisa wa wilaya alikuwa nayo, bwana mifugo alikuwa nayo, polisi na wamisionari hivyo hivyo. Uhuru ulipokuja serikali mpya zilirithi magari na mafundi waliokwisha kuyajua. Kenya yaliunganishwa hata Thika. Kizazi cha wazazi wetu kikisema "Land Rover" kilimaanisha gari lolote la kwenda porini, na wako wazee ambao hadi leo wanaita hivyo hata wakiona Toyota.

Yakaja matatizo. Ekseli shafti za nyuma za Land Rover za zamani zilikuwa nyembamba kwa kazi za Afrika na Australia. Dereva akipakia mzigo, akikwama, akiachia klachi ghafla, shafti inakatika. Injini nazo zilikuwa dhaifu kwa mizigo iliyobebwa. Australia pigo lilionekana mapema: kwenye mradi mkubwa wa umeme wa maji wa Snowy Mountains, Land Rover ndizo zilizotawala hadi mkandarasi Leslie Thiess alipoleta Land Cruiser mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huohuo Rover iliingizwa ndani ya British Leyland, kampuni iliyolemewa na migomo na ukata hadi ikataifishwa mwaka 1975. Wateja walikuwepo, oda zilikuwepo, magari hayakutosha, na fedha za kuyaboresha hazikupatikana. Toyota, ambayo tangu 1960 ilikuwa na Land Cruiser ya familia ya 40, ilikuwa na magari tayari ya kupakiwa melini.

Land Rover ilijibu mwaka 1983 kwa One Ten, hii 110 tunayoizungumzia: springi za koili mbele na nyuma, nguvu ya kudumu kwa magurudumu yote manne, breki za diski mbele. Ni jibu zuri sana. Lilichelewa. Novemba 1984 Toyota ikaleta familia ya 70, ndiyo hii hardtop na ndugu yake pikapu, na mashirika ya misaada yakaanza kuzinunua kwa wingi. Mwaka 1987, jeshi la Chad likiwa juu ya pikapu za Toyota liliwapiga Walibya waliokuwa na vifaru, na vita hivyo vikaitwa Vita vya Toyota. Miaka minne baadaye mashindano ya Camel Trophy yalipita kwetu, Tanzania hadi Burundi, kwa Land Rover Discovery zilizopakwa rangi yao ya njano. Picha zilikuwa za kuvutia na dunia nzima iliziona. Lakini waliokuwa wakitia sahihi oda za magari ya kazi walikwisha kuhamia Toyota. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha kwa mara ya kwanza gari lenye jokofu la kubebea chanjo, gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser 78, yaani hardtop.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa leo analilipia bila kujua. Land Rover imepita mikononi mwa Leyland, British Aerospace, BMW mwaka 1994, Ford mwaka 2000, kisha Tata Motors ya India mwaka 2008, na katika misukosuko hiyo injini zilikuwa zikibadilika: 200Tdi, 300Tdi, Td5, kisha injini ya Ford mwaka 2007. Fundi anayeijua moja si lazima aijue nyingine. Toyota nao wameweka injini kadhaa kwenye familia ya 70, lakini 1HZ iliyotoka mwaka 1990 haikuondolewa. Afrika imeendelea kuuziwa hardtop mpya zenye injini hiyohiyo hadi miaka ya karibuni. Fundi aliyejifunza 1HZ akiwa kijana wa kuosha nozeli, leo ana wajukuu na bado anaifungua injini ileile.

Na bado Land Rover haijafa huku. Arusha na pembezoni mwake, Land Rover kuukuu ndizo zinazopeleka watu minadani na kuwarudisha vijijini, abiria wamejaa na mbuzi juu ya keria. Oktoba 2024 jiji hilo liliandaa tamasha la Land Rover ili kuvunja rekodi ya msafara mrefu iliyoshikwa na Wajerumani, na magari yakatoka kila upande. Hilo haliletwi na matangazo ya kampuni. Ni gari ambalo mtu wa kipato cha kati anaweza kulimiliki, kulifungua mwenyewe na kulitegemea riziki.

Injini, ndipo penye kesi

300Tdi (kuanzia 1994) ina lita 2.5, tubo, na nguvu za farasi 111. 1HZ ina lita 4.2, haina tubo, na nguvu za farasi kama 130. Nguvu ya kuvuta inakaribiana kuliko watu wanavyodhani: 265 kwa Land Rover, 285 kwa Toyota, kwa kipimo cha nyutoni-mita. Hata hivyo Land Rover hunywa mafuta machache kuliko hardtop, kwa sababu 300Tdi hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ilhali 1HZ huipuliza kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya hedi (kichwa cha injini) na joto jingi hupotea humo. Kwa safari mchanganyiko tegemea kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwa Land Rover, na 7 hadi 8 kwa hardtop. Kwa mtu anayejilipia mafuta mwenyewe hiyo ni hela ya kweli kila mwezi.

Zote mbili hazihitaji kompyuta ili ziwake. Hilo ndilo lililonifanya nizichague kati ya ndugu zao.

Udhaifu wa 300Tdi ni joto. Hedi yake ni ya aluminiamu. Maji yakipungua dereva asione, hedi inapinda na gasketi inaungua. Fungua boneti utazame juu ya nyumba ya themostati: pale pana kizibo cha kujazia maji ambacho kiwandani kilikuwa cha plastiki. Plastiki hiyo huzeeka, ikapasuka, maji yakatoka taratibu. Ukikuta mwenye gari amekwisha kuweka cha shaba, umepata dalili ya mtu anayelijua gari lake. Angalia pia nyuma ya pampu ya maji kama pana michirizi iliyokauka. Mkanda wa taimingi nao uulize umebadilishwa lini, na kama hana jibu la maana, ubadilishe kabla hujaanza safari ndefu.

1HZ ina hedi ya chuma na inavumilia mengi, lakini haiwezi kila kitu. Ikichemka sana, au ikifungiwa tubo na fundi anayependa mbio, hedi hupasuka karibu na vile vyumba vidogo vya kuwashia. Kipimo chake hakihitaji mashine. Njoo asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha radieta, waambie wawashe, kisha simama utazame maji. Mapovu madogo yasiyoisha yanakwambia moto wa silinda unapenya kwenye maji. Muuzaji akikupokea na injini iliyokwisha pashwa moto, mwombe uje kesho. Kwenye dashibodi nyingi za 1HZ kuna taa ya mkanda wa taimingi inayowaka kila kilomita 100,000, na taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo usiifanye ushahidi.

Td5, iliyoingia mwaka 1998, ina nguvu na utulivu zaidi ya 300Tdi, ila inaendeshwa na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Oili ya injini husafiri ndani ya nyaya za nozeli hadi kwenye plagi nyekundu ya boksi hilo, gari likaanza kukohoa. Ukiichomoa plagi ukaikuta imelowa oili, ugonjwa umekwisha anza. Unatibika, kwa kubadilisha waya na kusafisha plagi. Mjini ningeichukua Td5 bila wasiwasi. Kwa mtu wa Loliondo au Turkana, hapana.

Utakutana pia na Land Rover zilizofungwa injini za Kijapani, na nyingine zinakwenda vizuri mno. Kazi ikiwa safi, hilo ni gari la maana: bodi isiyooza, moyo wa Toyota. Lakini kazi chafu ni nyingi kuliko safi. Piga magoti utazame mahali injini na giaboksi zilipokutanishwa, uone kama ni sahani ya chuma iliyochongwa sawasawa au ni vipande vilivyochomelewa. Kisha endesha gari. Kama gia inaruka ukiachia mafuta, mwachie mwenyewe.

Njia ikiharibika

110 ina koili pande zote, ekseli zinanyumbulika, na nguvu iko kwenye magurudumu manne muda wote. Unapoingia kwenye tope unasukuma kirungu cha gia ndogo upande wa kushoto, difu ya katikati inafunga ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, unaendelea ukiwa umekaa. Kwenye mawe makubwa na makorongo sijapanda gari la bei yake linalolifikia.

Hardtop ya 1HZ huendeshwa na magurudumu ya nyuma hadi utakapoita ya mbele, na nyingi zina habu (vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono. Dereva mzoefu hushuka kuzifunga akiwa bado kwenye ukavu. Asiye mzoefu huingia kwanza, akakwama, kisha akashuka kutafuta habu kwa vidole ndani ya udongo mweusi wa mbuga uliojaa hadi kwenye rimu. Zoeza kila atakayeshika usukani wa gari lako.

Springi za hardtop nyuma ni za majani. Zile zilizotoka kabla ya 1999 zina majani hata mbele. Ikiwa tupu inarusha abiria wa nyuma hadi vichwa vinagusa bodi. Ikibeba tani moja inatulia na kwenda kama imezaliwa kwa mzigo huo. Land Rover ni kinyume chake: tamu ikiwa nyepesi, inalala nyuma ikizidishiwa. Kwa kampuni ya utalii au zahanati hilo peke yake linatosha kuamua. Ongeza matangi: hardtop nyingi zina mawili ya lita 90 kila moja, wakati tangi la 110 halifiki lita 80. Kwa anayetoka Arusha kwenda Serengeti ya kaskazini na kurudi, au anayevuka jangwa la Chalbi, lita hizo ni usingizi wa usiku.

Starehe isikupotezee muda. Zote zina kelele. Defender ya zamani (jina la baadaye la 110) haikuwahi kuwekwa mifuko ya hewa ya ajali hadi inakoma, mvua ikinyesha maji hupata njia ya kumdondokea mtu mguuni, na dereva mwenye mabega mapana lazima kiwiko kikae dirishani.

Kutu, mahali pa kupiga nyundo

Watu husema Land Rover haishiki kutu. Bodi ndiyo haishiki. Chesisi ni ya chuma, na inaoza kwa ndani huku nje imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Nenda na nyundo ndogo. Lala chini ya gari, anzia ile mhimili ya nyuma kabisa inayoshika ndoano ya kuvutia, gonga taratibu ukielekea mbele, upite na mikono inayoshika bodi pembeni. Chuma kizima hulia kwa sauti kali ya kengele. Kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inabonyea. Kisha inua zulia la miguu la dereva. Sahani ya chuma inayotenganisha injini na abiria huoza kwenye pembe zake za chini, na kuichomelea vizuri ni kazi ya siku nyingi. Mahali aluminiamu inapokutana na chuma, hasa chini ya milango, utaona rangi imevimba na ndani yake kuna unga mweupe. Huo ni ubovu wa sura, uombee punguzo la bei.

Land Cruiser huoza kwa mpangilio mwingine. Bodi nzima ni chuma, kwa hiyo tafuta kutu kwenye fremu ya kioo cha mbele, mifereji ya paa, chini ya milango na sakafu ya nyuma ambako maji ya vifaa au damu ya samaki imekaa miaka. Gari lililoishi Mombasa, Tanga au Unguja lipe muda mara mbili ya lile la Dodoma. Ukilazimika kununua gari la pwani, ningekwambia uchukue Land Rover, kwa sababu chesisi mpya unaweza kuinunua na kuhamishia bodi juu yake kwa spana, wakati bodi ya hardtop iliyokwisha liwa na chumvi haina dawa ya bei nafuu.

Urahisi huo wa spana ni utajiri. Mbuzi akiruka barabarani ukagonga mti kwa ubavu, madigadi ya 110 inafunguliwa kwa bolti chache na nyingine inawekwa siku hiyohiyo, hata kama imetoka kwenye gari lililozeeka miaka 15 zaidi.

Spea, fundi na bei ya kuuzia

Spea za 1HZ ziko kila mji wenye duka la Toyota, kuanzia Bukavu hadi Lamu. Hatari yake ni bandia. Beringi na pampu za maji za bandia zimejaa na zimefungwa kwenye maboksi yanayofanana na halisi, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Spea za Land Rover ni nafuu, tena nyingi, ila zimekusanyika kwenye miji michache: Arusha, Nairobi, Dar es Salaam. Ukiishi Kigoma utasubiri basi likuletee.

Fundi ni hivyohivyo. Kabla hujatafuta gari, tafuta kwanza fundi. Muulize swali dogo, mfano jinsi anavyorekebisha beringi zilizo ndani ya tufe za chuma zinazogeuza magurudumu ya mbele ya 110, tufe zile zinazovuja grisi. Anayezijua ataeleza mpaka umchoke. Asiyezijua atakwambia "lete tu gari." Kama mjini kwako hakuna wa kwanza, nunua Toyota hata kama moyo wako uko kwingine.

Kuhusu kuuza: hardtop inashika bei kwa namna inayoudhi ukiwa mnunuzi na kufurahisha ukiwa muuzaji. Ni gari linalopendwa pia na wezi, basi weka bima na kifaa cha kulifuatilia. 110 utaliuza polepole zaidi, kwa mtu anayelitaka hasa.

Magari yaliyotoka kwenye miradi, yenye historia ya namba za DFP Tanzania (za miradi ya wafadhili), mara nyingi yana daftari la matengenezo. Lisome. Gari la mradi lenye kilomita nyingi na daftari kamili nitalichagua mbele ya lile lenye kilomita chache zisizo na maandishi yoyote.

Vipi Defender mpya?

Ilizinduliwa Septemba 2019 na inaundwa Nitra, Slovakia. Haina chesisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyotengana na bodi), springi za magurudumu zinajitegemea, na inavuka maji ya kina cha sentimita 90 wakati ile ya zamani ilikubali 50 tu. Njiani ni gari bora kuliko yote mawili niliyoyataja. Lakini likizima Mto wa Mbu au Isiolo, fundi wa kijijini hana pa kushika. Linahitaji kompyuta ya uchunguzi na gari la kulibeba. Mwenye uwezo na anayeishi karibu na wakala alinunue kwa raha zake. Aliyekuwa akitaka Land Rover ili ajitengenezee mwenyewe, hii haitamfaa.

Kabla hujalipa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto. Kwa kuwa Defender ya zamani ilikoma mwanzoni mwa 2016, mlango wa kuileta kutoka Uingereza umefungwa, na hardtop nyingi za bei nzuri zinazotangazwa Dubai zina usukani wa kushoto, kwa hiyo Mkenya atanunua zilizokwisha sajiliwa nchini. Tanzania huruhusu magari makuukuu kuingia, ila hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Piga hesabu hiyo kabla hujamtumia wakala hela, maana inaweza kuigeuza bei nafuu kuwa ghali. Japani kwenyewe familia ya 70 iliacha kuuzwa mwaka 2004 na ikarudi baadaye kwa vipindi, ndiyo maana hutaiona kwa wingi kwenye minada yao kama Prado.

Ukifika kwenye gari lenyewe, safisha namba ya chesisi kwa brashi ya waya uisome kwa macho yako, ulinganishe na kadi. Kwa Land Rover linganisha na namba ya injini pia, kwa sababu injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa itakusumbua siku ya kuhamisha umiliki, na kuliandikisha badiliko hilo ni kazi ya muuzaji, kabla hela haijatoka mfukoni mwako.